Pande Zote Mbili Wananiita Mtu Wetu

Shangazi wa Jumamosi,

Kabla hata ya salamu nakuomba neno lolote lililomo humu lisitoke kinywani mwako, hata kwa mwenzako wa meza ya jirani, hata kwa mzaha, na kama huna budi kulichapisha basi badilisha kazi zetu na usitaje chuo, kwa sababu nikijulikana nimekwisha. Baada ya hapo, shikamoo. Naomba msaada.

Mimi ni karani katika ofisi ya msajili wa chuo, bado niko kwenye muda wa majaribio, na kazi yangu ni kupokea wanafunzi dirishani, kuandika yanayosemwa vikaoni na kubandika matangazo kwenye ule ubao wa kioo ukumbini, ambao ufunguo wake ninao mimi peke yangu. Jioni navua beji ya ofisi, naitia mfukoni, napanda ngazi kwenda darasani, maana mimi pia ni mwanafunzi wa masomo ya jioni hapohapo, pamoja na watu wazima wenye kazi zao, kuna fundi wa majokofu, kuna mwalimu wa chekechea, na kuna nesi mmoja ambaye mimi namwita dada na yeye ananiita mdogo wangu.

Siku ya kuchagua mwenyekiti wa darasa nilijikunyata nyuma kabisa, mtu ambaye nikiulizwa jina langu hadharani huwa nafikiri kwanza, lakini dada alisimama akaninyooshea mkono. "Huyu hapa. Anashinda na wakubwa mchana kutwa, tukimtuma atasikilizwa. Ni mtu wetu." Fundi akadakia, "Na hawezi kutukimbia, dirisha lake tunalijua," wakacheka wote, wakapiga makofi, nikawa kiongozi kabla sijapata nafasi ya kukataa.

Nisikudanganye, shangazi, nilianza kukua. Taa ya ngazini iliyokuwa imeungua siku zote niliifuatilia mpaka ikawekwa nyingine, na yule mhadhiri aliyekuwa akiingia kipindi kikikaribia kwisha nilimfuata ana kwa ana nikamwambia, "Mwalimu, wenzangu wanatoka makazini bila kula ili wakuwahi," akaniangalia sana, na tangu siku ile tunamkuta darasani. Fundi akaanza kuniita Mheshimiwa. "Mheshimiwa, naomba mwongozo wako, feni hii inazunguka kwa umeme au kwa huruma?" Na mimi, mtu nisiyejua utani, nikamjibu, "Inazunguka kwa maazimio ya kamati," darasa likaangua kicheko. Nyumbani mama akaniambia, "Siku hizi unafunga mlango kama mwenye nyumba."

Sasa sikia. Juzijuzi wakubwa wamekaa kikao, mimi kwenye kona naandika kama kawaida, wakaamua masomo ya jioni yafungwe muhula huu ukiisha, eti wanafunzi ni wachache na wahadhiri wamechoka, na anayetaka kuendelea aje mchana, kana kwamba mtu anaweza kuaga wagonjwa akaja kusoma. Mkuu wa chuo akauliza, "Na hao wa jioni hawatatuletea fujo?" Msajili, mama mtu mzima ambaye ndiye aliyenipa kazi, akaninyooshea kidole bila hata kugeuka. "Mwenyekiti wao si huyu? Ni mtu wetu. Atawatuliza." Kikao kilipokwisha akanibakiza. "Mwanangu, ulikula kiapo cha kutunza siri. Tangazo utalibandika wakishamaliza mitihani, wasije wakavurugika. Likivuja kabla, nitajua limevujia wapi, na hapo sitakuwa na la kukusaidia." Nikasema ndiyo mama, nikarudisha viti.

Pengine ningevumilia, ila kesho yake dada alinikamata ngazini, bado amevaa viatu vyeupe vya wodini. Amepewa uhamisho wa mji mwingine akawe mkuu wa wodi, cheo alichokisubiri miaka, na anatakiwa ajibu kabla Ijumaa hii haijaisha, akikataa nafasi anapewa mwenzake na ndiyo imetoka hiyo. "Mimi nakataa," akaniambia. "Nimebakiza mwaka mmoja tu hapa. Nikishapata cheti vyeo vitanitafuta. Ila wewe mdogo wangu unashinda na wakubwa, hebu niambie, hapa pana uhakika?"

Nikafungua mdomo. Nikasema, "Dada, tuombe Mungu."

"Tuombe Mungu ndiyo, au tuombe Mungu hapana?"

"Tuombe tu."

Akacheka, akanigonga bega. "Mwenyekiti ushakuwa mwanasiasa. Haya, nimekuelewa. Kungekuwa na baya ungeniambia." Akapanda ngazi, chini ya ile taa niliyoipigania.

Nikisema, nafukuzwa, na nyumbani mama na wadogo zangu wananiangalia mimi, nikinyamaza, dada anakosa cheo na anakosa masomo, na siku nitakapofungua kile kioo kubandika tangazo atakuwa amesimama nyuma yangu analisoma. Jumatano tuna kipindi na yeye hukaa mbele. Nimefikiria kujiuzulu uenyekiti lakini sababu nitatoa ipi, nimefikiria kuugua, nimefikiria kuhama mji, na kwenye semina ya viongozi wa wanafunzi walitufundisha kwamba kiongozi hubeba mzigo wa wenzake, hawakusema afanye nini ambaye mzigo wenyewe ndiye yeye. Mimi sifai, shangazi. Walichagua mtu ambaye hayupo. Nifanye nini nisipoteze kazi?

Naandika Jumapili. Nitasubiri ukurasa wako wa Jumamosi, huwa siukosi, hata dada huja nao darasani tukausoma kwa zamu. Ukitaka kunipata kabla, tafadhali usipige simu ya ofisi, tunakaa wengi chumba kimoja. Pita kwa mama yangu mdogo mwenye duka la fotokopi mkabala na geti la chuo, mwambie una ujumbe wa mwenye ufunguo wa kioo, hatauliza zaidi, atanipa mkononi. Kwenye bahasha usiandike jina lako wala langu.

Mwenye ufunguo

*

Mwanangu mwenye ufunguo,

Marahaba. Kazi zenu nimezibadilisha na njia ya kukupata nimeivuruga, kwa hiyo pumua.

Nakuonea huruma, na sisemi hivyo kwa mazoea. Mkubwa aliyemfunga mdomo karani wa majaribio bila hata kugeuka kumtazama hakumtendea haki. Wenzako nao walikosea, walichagua dirisha wakadhani wamechagua mtu. Kila upande ulikuweka hapo kwa faida yake, na hakuna aliyekuuliza kama mabega yako yanatosha.

Huruma yangu inaishia hapo.

Barua yako imejaa hofu kutoka juu mpaka chini, lakini swali lake ni moja: ufanye nini usipoteze kazi. Nimetafuta mahali ulipouliza dada yako apone vipi. Sikupaona.

Kisha nikatazama siku. Yeye anatakiwa kujibu Ijumaa. Ukurasa huu hutoka Jumamosi, na unasema huukosi. Mwanangu, wewe ni mtu ambaye kazi yake ni kujua tangazo gani linatoka lini. Hukukosea. Uliuliza mahali ambapo jibu lingefika limechelewa, ili Ijumaa ipite yenyewe na wewe uje useme ulikuwa unasubiri ushauri.

Nilijaribu kukuharibia mpango huo. Barua ilinifikia Jumanne, na Jumatano nilikwenda kwa miguu yangu kwa mama yako mdogo, nikaacha ujumbe wa mstari mmoja: Mwambie leo asikatae. Alikukabidhi mkononi, kabla ya kipindi. Alhamisi nikarudi kuuliza. Mama wa watu alikuwa anapanga karatasi kwenye mashine, hakujua hata anachonijibu. "Amesema amekuelewa," akaniambia. "Ila anasubiri gazeti."

Basi gazeti ndilo hili.

Kiapo nakiheshimu. Matokeo ya watu, matatizo ya watu, funga mdomo hata wakupe dunia. Lakini hukutakiwa kutangaza kikao. Ungeweza kumwambia, "Dada, usikatae cheo kwa ajili ya darasa hili, na usiniulize zaidi," ukapanda ngazi. Bora zaidi, ungeanza kwa msajili: "Mama, kuna mtu anaharibikiwa Ijumaa. Niruhusu nimwambie yeye peke yake, au mwambie wewe." Angekufukuza? Huenda. Siwezi kukuahidi kitu hapo, na sitaki kukudanganya.

Unasema ulikuwa umeanza kukua. Ulikuwa, nakubali. Kumfuata yule mhadhiri ana kwa ana si jambo dogo. Lakini ile taa na yule mhadhiri yalikuwa mazoezi. Mechi yenyewe imekuja, na wewe ukainama unafunga kamba za viatu mpaka kipenga cha mwisho. Na hilo la kwamba hufai, liweke kando kwanza. Mtu akishasema hafai anajipa likizo, na leo huna likizo.

Fanya hivi. Nenda kwake sasa hivi, usimpigie simu. Mwambie yote, uanzie pale ngazini. Usilie mbele yake, asije akaanza kukubembeleza wewe wakati aliyepoteza ni yeye. Kama ameshakataa, aende leo kwa mkubwa wake aombe jibu lake lirudishwe kabla Jumatatu ofisi hazijafunguliwa, na wewe umsindikize, ukae nje kwenye benchi hata kama hasemi nawe. Inawezekana wameshampa mwingine. Kaa hapohapo hata hivyo. Jumatatu, kabla hujavuta kiti, ingia kwa msajili umwambie umemwambia nani na kwa nini, asilisikie kwa mtu. Jioni simama mbele ya darasa, waambie kuna jambo unalijua na huruhusiwi kulitaja, kwamba kesho waende wote dirishani wakamuulize msajili mustakabali wa masomo yao, kisha warudishie uenyekiti wao mezani. Wauchukue au wakuachie, hapo wewe kaa chini. Na nyumbani mwambie mama yako leo, kabla kazi haijapotea. Mwanamke aliyekuona ukifunga mlango kama mwenye nyumba anastahili kujua nyumba inatikisika.

Ila harakisha. Umeniandikia mwenyewe kwamba dada yako husoma ukurasa huu. Kazi yake nimeibadilisha, lakini yale maneno yenu ya ngazini nimeyaacha kama yalivyo, maana bila hayo barua yako haina kitu. Akifika pale penye "tuombe tu" atajua. Gazeti liko mitaani tangu alfajiri. Mtangulie.

Ukinihitaji baada ya hapo, usiandike na usimtume mtu. Niko chumba cha mwisho ghorofa ya chini katika jengo la gazeti, mlango wa kijani, hufungwa saa kumi alasiri. Watu wa mapokezi watakuuliza wewe ni nani. Wajibu kwa jina lako.