Sitakuwa Dada wa Mume Wangu

Jumapili, jioni. Mvua ya masika haijakatika tangu asubuhi na Ukunda nzima ni matope. Nimechoka, macho yamevimba, lakini moyo umetulia. Sikutarajia kuandika hivyo leo.

Jumatano Kioko alirudi kutoka kazini na uso wa mtu mwenye habari njema anayeona haya kuzisema. Mume wangu ni weita katika hoteli moja hapa Diani, na miezi hii wageni ni wachache, kwa hiyo wanaingia kwa zamu na mshahara ni nusu. Kuna mgeni wake mmoja, mama wa Kizungu aitwaye Helga, ambaye huja kila mwaka. Huyo mama anataka kumnunulia kiwanja upande wa Msambweni na kumjengea nyumba. Jumapili angekuja kuona anapoishi.

Shida ni kwamba Kioko alimwambia hana mke. Anaishi na dada yake na mtoto wa dada.

Dada ndiye mimi.

Jamani! Mimi niliyesimama naye mbele ya mchungaji na kanisa zima, leo niwe dada yake! Hapa kwetu si jambo geni, najua. Zipo nyumba nzuri za vigae zilizojengwa hivyo hivyo, na mke aliye ndani anaitwa binamu mpaka leo. Nilifoka. Kioko akaniapia kwamba hajamgusa huyo mama, kwamba ni alasiri moja tu, kwamba hata katika Maandiko yupo mtu wa imani aliyemwita mkewe dada akiwa ugenini. Nikamwambia asome mpaka mwisho, aone kama Mungu alimpongeza.

Lakini nikisema nilikataa papo hapo nitakuwa mwongo. Nilisema nitaomba. Na kuomba kwenyewe, mh! Nikifumba macho ninaona jiko lenye mfereji ndani, chumba cha Mumbua peke yake, mabati yasiyovuja. Mpaka rangi ya mapazia nilikuwa nimeshachagua. Nikawa ninamweleza Mungu kwamba pengine hii ndiyo baraka yake, kana kwamba yeye hakusikia neno "dada".

Jana ndipo nilipozinduka. Nilikuwa uani ninafua, nikamsikia Kioko ndani akimfundisha binti yetu Mumbua, ambaye ana miaka minne. Sema mjomba. Mtoto akaona ni mchezo. "Mjomba, nipe maji! Mjomba, nibebe!" Akacheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Niliacha beseni nikaingia. Kioko alikuwa ameshika kikombe cha maji na hakuwa anacheka hata kidogo.

Sikupiga kelele. Nilimwambia: "Baba Mumbua, kesho mgeni akija nitampokea vizuri. Lakini wa kunitambulisha ni wewe. Ukiniita dada mchana, nitakuwa dada na usiku, na kaka na dada hawalali kitanda kimoja. Sasa hiyo nyumba utaishi na nani?"

Alivaa viatu akatoka.

Leo baada ya ibada Helga alishuka kwenye tuktuk, viatu vimejaa matope, mkononi pakiti ya biskuti. Nilikuwa nimepika mahamri na chai ya tangawizi, na viti nimeazima kwa Bi Mwanasha, mwenye nyumba wetu. Kioko alibaki amesimama pale mlangoni. Nikaomba kimoyomoyo: Bwana, mfungue kinywa.

Akasema, kwa Kiingereza chake cha hotelini: "Huyu ni Mwende, mke wangu. Na huyu ni binti yetu. Nilikudanganya. Nisamehe."

Helga aligeuka mwekundu. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akasema kwamba Kioko angemwambia tu tangu mwanzo. Nilimwonea huruma kweli. Nami nikamwomba radhi, maana alituamini, na sisi tulikuwa tayari kuula wema wake kwa uongo. Alikunywa chai nusu kikombe, akampa Mumbua biskuti zake, akaondoka. Habari ya kiwanja hakuitaja.

Nimelia, sifichi. Nimelilia nyumba ambayo hata msingi wake haukuchimbwa. Kioko naye ana hofu kwamba kesho atakuta ameshtakiwa kwa meneja. Huenda ikawa hivyo. Tumeshikana mikono tukaomba, na safari hii nilisikia mwenyewe kwamba ninaomba kweli. Tumeomba unga, kazi, na ulimi usiouza watu wetu.

Bi Mwanasha alipokuja kuchukua viti vyake nilimwamkia, nikamweleza. "Alhamdulillahi, mwanangu!" akasema. "Kuta zangu hizi nyembamba, nilishasikia yote. Nikawa ninajiuliza, mpangaji wangu sasa nimtafutie mchumba?" Tulicheka mpaka nikashika mbavu. Nilikuwa ninakihitaji kicheko hicho.

Nimeamua. Kesho ninaanza kuuza mahamri pale stendi, inyeshe isinyeshe. Chumba chetu ni kimoja na kinavuja pembeni, nami nitaweka ndoo na kumshukuru Mungu. Akitupa nyumba siku moja, nitaipokea kwa mikono miwili, mradi niingie nikiwa mke wa mume wangu. Asipotupa, bado ni Mungu wangu na hatujalala njaa.

Je, nimeridhika? Leo, ndiyo. Kesho tamaa ya nyumba ikinirudia nitajiuliza tena, na nitajijibu vivyo hivyo.

Kioko amesonga ugali mwenyewe. Siku zote huniita Mama Mumbua, lakini sasa hivi amesimama uani anaita, "Mke wangu! Mke wangu, chakula kinapoa!", kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Ninakwenda.