Gari la Muteba Halina Sababu ya Kulala Sandoa

Dilala, Kolwezi

Kwako Mama Kayombo,

Pokea salamu zangu nyingi. Mwili wangu ni mzima, nakula na kazini naenda. Moyo ndio una kasoro, na sababu yake utaisoma hapa chini. Mguu wa mama unaendeleaje? Kayombo bado anakohoa? Na karanga, mmekwisha kuzing'oa au mvua imewawahi?

Barua yako niliipata, na nimeisoma mara nyingi kuliko unavyodhani. Kuhusu mimi uliandika mistari miwili: nile vizuri, na nisiache kwenda kanisani. Kuhusu dereva Muteba uliandika mistari kumi na mmoja. Kwamba gari lake lilizimika mbele ya uwanja wetu huko Sandoa, kwamba mlimpa chumba cha nje siku tatu akingoja kifaa kutoka Dilolo, kwamba anachekesha, kwamba alimtengenezea Kayombo kigari cha waya. Mke wangu, fundi wa nyumba hiyo ni mimi. Kigari cha waya kilikuwa kazi yangu.

Na wewe, uliyekwenda kumuuguza mama, ndiwe uliyepaswa kurudi Kolwezi baada ya mavuno. Katika mistari yote hiyo sikuona hata neno moja la kurudi.

Basi wiki iliyopita huyo Muteba akaingia kwenye garaji yetu, shati jeupe, akiniulizia kwa jina.

"Njo weye bwana ya Mama Kayombo?" akasema mbele ya wenzangu wote. "Bibi yako anajua kupika sombe ya majani ya mihogo, tata. Mi nilikula mpaka nikashindwa kusimama."

Wenzangu wakacheka. Tangu siku hiyo kila saa sita wananiuliza kama leo kuna sombe. Mimi nilifungua kifuniko cha injini ya gari lake, lililokuwa linasumbua tena, ili nisimtazame usoni.

Nikueleze kidogo, maana bila hivyo hutaelewa yaliyonipata. Petroli huwashwa na cheche, na batri peke yake haiwezi kutoa cheche ya kutosha. Kazi hiyo ni ya bobini. Unaipa umeme wa batri, halafu umeme huo ukikatwa ghafla, bobini hutoa cheche kali inayokwenda kwenye mabuji, yaani plagi za injini. Katika magari yetu kinachokata umeme ni platini, vile vyuma viwili vinavyogusana na kuachana. Huungua, na mimi hushinda nikivipiga tupa. Muteba yeye ameletewa na kaka yake kisanduku cha kisasa kutoka ng'ambo. Hakina platini. Sumaku inazunguka, inakipa ishara, nacho kinakata umeme bila chuma kugusa chuma. Cheche inakuwa kali zaidi, gari linapanda mlima bila kulalamika, na mpiga tupa hana kazi. Nilikionea wivu hata kisanduku.

Lakini aliyekifunga alikosea. Kisanduku kinataka umeme wote wa batri. Bobini yenyewe haiutaki wote. Ina waya wake maalumu, mwembamba, unaopunguza nguvu kabla haijafika. Waya huo nikautafuta nisiuone. Mahali pake nikakuta waya mnene wa shaba, unang'aa.

"Mutoto ya shangazi njo alibadilisha," Muteba akasema. "Ile ya zamani ilikuwa kawaya kabaya, kanapata moto. Shaba iko mingi huku kwetu, juu ya nini tuteseke?"

Kumbe kupata moto ndiyo kazi ya waya ule. Bila huo, bobini inaungua yenyewe.

Hapo shetani akaketi nami. Ningeweza kumwekea bobini mpya na kuuacha waya wa shaba palepale. Gari lingewaka vizuri, angenishukuru, angeondoka akipiga mluzi. Halafu nikaifikiria njia. Bobini ya kwanza ilikufa Sandoa. Ya pili, ile ya kutoka Dilolo, ilirudi hapa ikivuja mafuta. Yaani bobini moja, safari moja. Nikimwachia kasoro hiyo, atakwama wapi? Mbele ya uwanja wetu, karibu na sufuria yako. Niliketi juu ya tairi nikajicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kitamu.

Basi nikafanya kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikarudisha waya wa kupunguza nguvu kwa bobini. Kisanduku nikakivutia waya wake peke yake kutoka kwenye ufunguo. Waya wa kwenda kwenye mwili wa gari nikaukwangulia rangi mpaka chuma tupu, nikaukaza. Tulilizungusha gari mchana mzima, nikalizima injini ikiwa bado ya moto, likawaka tena mara moja.

"Uko fundi, tata," Muteba akasema. "Nitamwambia bibi yako."

Barua hii anakuletea yeye, na nimeibandika kwa gundi ya mipira ya matairi. Ukiona imefunguliwa, utajua ni mtu gani.

Nisalimie mama yangu, umwombe akae karibu na mlango. Msalimie baba mdogo, katekista wetu, na dada yako anayeuza chumvi sokoni. Kayombo mwambie namtengenezea kigari chenye usukani.

Nina wivu, Mama Kayombo, sikufichi. Gari hilo sasa ni zima. Muteba akikaa kwenu hata siku moja, mimi na wewe tutajua kwamba si bobini iliyomkalisha. Lakini sikulitengeneza ili lifike Sandoa tu. Nililitengeneza liweze kurudi huku. Mguu wa mama ukiruhusu, mchukue Kayombo, upande gari hilo.

Ukae kiti cha nyuma.

Ni mimi mume wako,
Tata Kayombo