Mama Aliandika Mbele ya Mtaa Mzima

Chumba cha uani,
Nyumbani kwa rafiki,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu nyingi. U hali gani huko ugenini? Mgongo umepoa? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii. Hata barua hii naiandika nikiinuka kila mara kuchungulia dirishani.

Wewe ndiye wa kwanza kujua kwamba nawapenda wanaume, na siri hiyo uliitunza. Sasa ni ya wote. Alhamisi mchana nilikuwa kibandani nashona suruali ya mteja, simu ikaanza kulia bila kupumzika. Mtu alikuwa ametupia picha yangu kwenye kundi la mtaa la mtandaoni, linalosomwa na yeyote, na jina la barabara, na maneno haya: "Kesho tukamnyooshe huyu fundi."

Nikaendelea kushona ile suruali, Dada, kama sijaona kitu.

Aliyenizindua ni Muuguzi, rafiki yangu anayesimamia kundi letu la siri la watu kama mimi. Alinipigia akaniambia nisijibu neno, nisifute kitu, nifunge kibanda nitoke na cherehani. Baadaye ndipo nilipojua walivyogawana kazi kwenye simu. Mmoja alipiga picha za vitisho vyote akampelekea wakili. Wengine waliwahimiza mamia ya watu kuiripoti ile posti, hata watu wa mbali ambao sitawaona maishani. Ndani ya saa moja nilikuwa nimepata gari na chumba hiki.

Posti iliondolewa saa kumi jioni, lakini ilikwisha nakiliwa kwingine. Ijumaa walikuja kweli. Walikuta kufuli, wakavunja mlango, wakabeba vitambaa vya wateja.

Lililonitoa machozi ni Mama. Unajua miaka yote hii hajaligusia jambo langu. Naye yumo kwenye kundi la mtaa, na ukimjua anavyotafuta herufi moja dakika nzima, sijui ilimchukua muda gani. Aliandika: "Huyo mwanangu, nimemzaa mimi. Anayemtaka aanzie kwangu. Nipo nyumbani."

Kisha jirani yake mwenye duka akaandika kwamba naye yupo nyumbani.

Nilimpigia Mama nikamsihi aondoke pale. Nilieleza weee, mwisho akaniuliza tu, "Umekula?"

Nakuomba, ile picha ya harusi yako tuliyopiga mlangoni kwa Mama iondoe mtandaoni leo hii. Namba ya nyumba inasomeka, na posti imeshavuka mtaa. Halafu mpigie kila jioni. Akisema hana neno, usimwamini.

Mimi kesho nahamishwa tena, bado sijaambiwa wapi.

Nisalimie Shemeji na Mjomba. Mwambie mpwa wangu wa kike kwamba gauni lake nilitoka nalo kibandani. Limebaki pindo tu, nalimalizia hapa hapa.

Mungu akufunike wewe na wako, na mlango wa Mama aulinde.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitinda