Mlango wa Chumba cha Moto

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na mwanao. Natumaini kifua chako kimepona, na kwamba unakunywa dawa kwa saa zake, si pale unapokumbuka. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo yaliacha kunitii zamani.

Barua yako niliipokea Jumatatu. Nimefurahi kusikia kwamba mwanao anaoa. Unasema anataka nije nimevaa nishani yangu ya vita, nisimame mahali pa baba yake. Hapa majirani wangeshangaa. Miaka ishirini na sita nimekaa katika chumba hiki juu ya duka la fundi viatu, na bado wananiita Mgeni. Kila mwaka, siku ya kukumbuka vita, wakubwa hutupanga mstari sisi tuliopigana na kutupigia saluti. Kesho yake karani huniuliza nitarudi kwetu lini.

Unakumbuka tulivyoondoka, mimi na mumeo, tukaajiriwa kuchochea makaa melini. Ulikuwa na mimba ya miezi minne. Mume wako hakuishiwa utani: aliwaambia wenzetu kwamba amekimbilia moto wa meli kwa kuuogopa moto wa jiko lako. Kule chini injini hunguruma na sauti ya mtu haisikiki, kwa hiyo tulizungumza kwa mabeleshi. Mapigo mawili, kisha moja, juu ya chuma, maana yake: shemeji, nifungulie. Mapigo hayo yalikuwa yetu wawili tu.

Siku meli ilipopigwa bomu na adui nilikuwa nimepanda kunywa maji. Bahari ikaanza kuingia chumba cha moto, kule tulikokuwa tukichochea makaa. Ofisa alinishikisha gurudumu la kufungia mlango wake wa chuma, akaniuliza kama kuna mtu ndani. Nilijibu kwamba hakuna. Nikafunga.

Mapigo yakaja. Mawili, kisha moja. Ofisa aliuliza ni nini hicho. Nikamwambia ni mabomba yanapoa.

Niliogopa kufa, dada. Sina neno zuri zaidi. Nililishikilia gurudumu hadi mapigo yakakoma, nayo hayakukoma upesi. Kwa ushujaa huo walinivika nishani.

Nilikuandikia kwamba alichukuliwa na wimbi. Nilikudanganya. Tulipofika bandarini mlango ulifunguliwa, na maji yalikuwa yamefika magotini tu. Moshi ndio uliomuua. Beleshi lilikuwa bado mkononi mwake, limepinda. Ofisa aliniambia ninyamaze, kwa kuwa taarifa ya ushujaa wangu ilikwisha kutumwa.

Nishani nimeitia ndani ya bahasha hii. Mwanao akiuliza kwa nini mjomba wake hakuja, usijisumbue kumweleza. Mpe barua asome mwenyewe. Nimejitahidi mwandiko usomeke.

Nisalimie wote wanaoulizia hali yangu, kabla hujawaambia.

Ni mimi,
kaka yako