Kasuku wa Mjomba

3 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba, hata kama shikamoo hujaitoa. Hujambo? Udobi unaendaje, pasi haijakuunguza? Sisi wazima, isipokuwa mimi. Nimepasuliwa koo. Daktari amenifunga mdomo hadi mwisho wa mwaka, hata kunong'ona hataki. Mimi, hebu fikiria! Mke wangu anasema nyumba haijawahi kuwa tulivu hivi.

Sasa mwezi wa tano kuna kongamano. Watakuja watu wa mbali, wengi wananijua kwa rekodi tu. Hakuna awezaye kusema kama mimi ila wewe. Umelelewa na mahubiri yangu tangu ukijifunza kupiga pasi, redio iko rafuni. Unajua hata ninapovuta pumzi. Nirekodie hubiri moja kwa sauti yangu. Tutasema nililirekodi kabla sijaugua. Ni kwa kazi ya Bwana.

Mjomba wako

19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa koo. Mimi mzima wa mwili; moyo usiuulize.

Miaka mitatu kimya, leo umekosa sauti ndiyo unanikumbuka. Una macho makavu wewe! Umesahau mazishi ya mama? Nilisimama kando ya jeneza la dada yako niseme neno la familia. Sikuwa na maneno mengine ila yako, maana ndiyo niliyokulia. Nikayasema, na kile kikohozi chako cha katikati ya sentensi kikanitoka chenyewe. Ukanipokonya maikrofoni: "Mmemsikia kasuku wangu? Sasa msikilizeni mwenye maneno." Watu wakaangua kicheko. Mama hajafukiwa, watu wanacheka!

Tangu siku hiyo siombi. Nikifumba macho, anayeanza kusema kinywani mwangu ni wewe. Wewe ndiye uliyenionyesha Mungu, halafu ukasimama mlangoni. Basi simama mbele ya watu useme ulichonifanyia. Bila hivyo, kaa na ububu wako.

Mpwa wako

2 Aprili

Mpwa wangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana, nikitumaini hasira imepoa. Mimi naendelea, nanywa uji kwa mrija.

Lo, mtoto una kinyongo wewe! Ule ulikuwa utani. Mimi mjomba wako nisipokutania, nani akutanie? Watu walikuwa wamelia mno, nikawapunguzia uchungu. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Na kisasi ni cha Bwana. Hilo ulilisikia kwangu, kwenye hubiri la Yusufu na ndugu zake.

Usinitupe, mwanangu. Nikikosa kongamano hili, atapanda jukwaani yule mhubiri kijana wa kanisani kwetu, na yule akipanda hashuki.

Mjomba wako

20 Aprili

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo tena na tena. Nimefurahi kusikia uji unashuka. Mimi buheri wa afya.

Umeshinda. Nani atabishana na wewe? Nimejifungia stoo ya nguo nikarekodi, kikohozi kiko mahali pake. Memori kadi nimempa dereva wa basi, imo ndani ya soksi safi. Mwambie fundi mitambo alipige lote mfululizo. Unajua mwenyewe, hubiri likikatwa upako unamwagika.

Mpwa wako

18 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Koo linasemaje? Mbona kimya?

Nilitamani niwepo niuone uso wako pale sauti yako iliposema: "Nilimfanya mtoto wa dada yangu kichekesho mbele ya jeneza la mama yake, kwa sababu nilimwonea wivu." Nililirudia hilo mpaka likatoka kama unavyolitoa wewe. Haya, kanusha! Ukikanusha, itabidi useme ile sauti ni ya nani. Umenasa huku na huku. Wiki hii nimelala usingizi mtamu, Mungu anisamehe, au asinisamehe, shauri yake.

Mpwa wako

9 Juni

Mpwa wangu,

Sijui nikuulize hali au nikulaani. Hujambo lakini? Koo langu linapona.

Kosa ni langu. Nilisikiliza mwanzo tu, nikasikia ninavyokohoa, nikaridhika, nikazima. Siku yenyewe nilikaa jukwaani na bandeji shingoni, naitikia kwa kichwa kila neno. Hata lile neno nililiitikia kabla halijanifika akilini!

Nilingoja wanizomee. Walilia. Walipanga foleni kunikumbatia, wanasema hawajapata kuona mhubiri mnyenyekevu namna hii. Ulitaka kunizika, umenipandisha cheo. Aibu yangu tunaijua wawili tu, nayo inanitafuna.

Lakini mwishoni, ulipomwombea mama yako, kikohozi hakikuwepo. Sauti haikuwa yangu. Mke wangu akanigeukia: "Huyu nani?" Sijawahi kumwombea dada yangu vile, hata siku moja. Sasa kila kanisa linaomba nakala kwa ajili ya sala hiyo. Na ndiyo, ulikuwa wivu. Ulijuaje? Nitaandika ukweli wote, mzee wa kanisa ausome Jumapili ya mwisho ya mwezi huu.

Mjomba wako

20 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima, na safari hii nasema kweli.

Natumaini barua hii imekuwahi. Usithubutu kusema! Ukisema, watakusamehe siku hiyohiyo, utakuwa umemaliza. Waache waamini uliungama mwenyewe. Kila Jumapili utakaa mbele ya watu wanaodhani u mnyenyekevu, na itakubidi uwe. Siku utakapomcheka mtoto wa mtu, watakutazama. Hicho ndicho kisasi changu, na sikupunguzii hata chembe.

Ila ile sala ikate kabla hujatoa nakala hata moja. Sikujua kama imo. Nami sikusikiliza mpaka mwisho. Nilipomaliza kukutukana nilisahau kuzima mashine. Nikakaa chini kati ya mashuka ya watu, nikashtukia namwambia Mungu habari za mama, kwa mara ya kwanza tangu tumzike, na anayesema ni mimi.

Haikuwa yako, wala ya kongamano. Ikate, mjomba. Sijaimaliza.

Mpwa wako