Mjomba Amechagua Kompyuta Inayokwama

Mshauri wangu mpendwa,

Naomba unisaidie kabla mjomba hajarudi mwisho wa mwezi. Mimi ni karani wa masjala, kazi yangu ni kupokea mafaili na kuyatunza, na tafadhali usinicheke, mimi ni mwoga, hata simu ya ofisini ikilia huwa naangalia kwanza kama kuna mwingine wa kuipokea.

Mdogo wangu wa kike, ambaye nyumbani tunamwita Chiriku kwa kuwa hanyamazi, anasomea utayarishaji wa muziki, na chuoni kwao kompyuta moja hutumiwa na wanafunzi sita kwa zamu ya saa moja moja, na wimbo wake wa mtihani, ambao ndio utaamua kama anaingia mwaka wa pili au anarudi nyumbani, bado uko nusu. Mjomba, fundi seremala aliyetulea tangu baba afariki, akasema atamnunulia kompyuta mpakato iliyotumika, akaiona moja dukani kwa rafiki yake, ya rangi ya fedha, nyembamba kama sahani, akaipenda papo hapo, kisha akaitwa kwenda kupachika milango kwenye jengo la mbali, akaniambia, "Mpwa wangu, wewe ndiye msomi wetu, kaichukue tu, mimi nimeshamaliza mazungumzo."

Sasa masjala tunafundishwa kwamba faili halipokelewi kabla ya kufunguliwa na kurasa zake kuhesabiwa, na mazoea hayo yameniingia kwenye damu, kwa hiyo nilikwenda na Chiriku na wimbo wake kwenye flashi, sauti thelathini na moja za kupandanishwa, ngoma, besi, kinanda, yeye mwenyewe akiimba mara nne. Tukaweka programu wanayotumia chuoni, Chiriku akawa anaongeza sauti moja moja, na ile nyembamba ikaenda vizuri mpaka ya kumi na mbili, hapo ikaanza kukatakata, mdogo wangu akasikika kama mtu mwenye kwikwi, halafu kimya. Pembeni kulikuwa na nyingine, nene, nyeusi, imechubuka kona, herufi moja imefutika, na hiyo, mshauri, ilipiga zote thelathini na moja kuanzia mwanzo hadi mwisho bila hata kukohoa! Chiriku akaruka juu, mimi nikaandika matokeo kwenye daftari na kumwomba muuzaji aweke saini.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, hapa ni dukani au mahakamani? Mjomba wako kachagua mrembo, wewe unamletea kikongwe!" Wateja wote wakageuka. Nikasema nitarudi, nikatoka nusura nikimbie, na mjomba alipopiga simu nikamdanganya kwamba nilikuta duka limefungwa. Sijawahi kumdanganya. Nikisema ukweli nitaonekana namfundisha mtu mzima aliyenisomesha, nikinyamaza Chiriku ataletewa mrembo mwenye kwikwi. Nifanyeje?

Karani Mwoga

*

Karani,

Pole kwa aibu ya dukani, na pole hiyo naitoa mara moja tu. Mwoga gani anamdai muuzaji saini mbele ya wateja wake? Mimi kompyuta yangu niliinunua kwa kupenda rangi, leo naitumia kuzuia mlango usijifunge.

Kosa lako ni uongo. Duka halikufungwa, ulichofunga ni mdomo wako. Mpigie mjomba leo, kabla hujaliweka chini gazeti hili, umwambie hivyo hivyo. Kisha usimchoshe kwa maneno ya kitaalamu. Huyo ni seremala, mwanangu. Ubao hanunui kwa rangi, anaugonga kwanza akasikiliza. Basi mpeleke akasikilize. Mvalishe hedifoni, nyamaza, wimbo ujisemee.

Na hiyo nene nayo usiichukue kwa furaha tu. RAM iwe gigabaiti kumi na sita, ikipungua sana nane. Diski iwe ya kisasa isiyozunguka. Chomoa chaja uone betri inadumu kiasi gani, jaribu kila tundu kwa kinanda na maikrofoni, iache ipige nusu saa usikie kama feni inanguruma, maana mngurumo huo utaingia kwenye kila atakachorekodi. Dai karatasi ya dhamana yenye tarehe. Na saini, binti. Usitoke mle dukani bila saini.

*

Baada ya wiki saba, karani alituandikia tena:

Mshauri, nilimpigia siku ile ile. Akaniuliza, "Kumbe halikufungwa?" "Halikufungwa, mjomba." "Haya. Nikirudi tutakwenda wote."

Dukani alitoa penseli sikioni ili hedifoni zikae sawa. Kwa ile nyembamba alikunja uso. Kwa ile nene kichwa kikaanza kutikisika taratibu, halafu ghafla akapaza sauti duka zima likasikia: "We Chiriku! Hiyo si randa yangu?" Ilikuwa randa yake kweli, ile anayolainishia mbao. Mdogo wangu aliirekodi karakanani, ndiyo sauti ya ishirini na tano, na ile nyembamba haikuwahi kufika huko.

Mjomba akavua hedifoni, akagonga mfuniko kwa kidole, ko, ko. "Hii imekomaa. Ile ni plaiwudi iliyopakwa vanishi." Kisha akamgeukia rafiki yake, ambaye safari hii hakucheka. "Bwana, mpe mpwa wangu saini yake."

Nilipima kila ulichoagiza. Saini ninayo. Chiriku alimaliza wimbo, ukapigwa ukumbini mbele ya walimu wote, mjomba kakaa mstari wa mbele na shati lililopigwa pasi, na mwaka wa pili ameingia.

Jana simu ya ofisini ililia. Sikuangalia nani yupo. Niliipokea.