Mwanzi Wangu Umepasua Sakafu ya Wifi, Analaumiwa Mwingine

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako kabla mwezi haujaisha. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na ukuta wangu wa nyuma unapakana na jiko la wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye kwa kweli hajawahi kunikosea. Miaka mitatu iliyopita jirani yetu fundi saa, tunamwita Mzee Dakika kwa kuwa ukimuuliza saa yako itapona lini anakujibu "dakika tu" hata kama ni mwezi ujao, alinipa mwanzi wa mapambo, mwembamba, wa njano, ndani ya ndoo, akaniambia, "Mama, huu usiutoe humu hata siku moja, ukiona umebanwa utafutie ndoo kubwa zaidi." Nikaitikia, lakini kazi yangu ni kuongeza na kupunguza nguo za watu, sasa kila nikiutazama naona mtu aliyevaa gauni la mwaka juzi, pumzi hakuna, huruma ikanishika nikautoa nikaupanda kando ya ukuta, na mwaka wa pili ukawa pazia la kijani, hata wateja wakawa wanapigia picha hapo wakijaribu nguo zao.

Mwaka huu machipukizi yamechomoza jikoni kwa wifi, mawili chini ya sinki na moja katikati ya sakafu, vigae vimeinuka na mlango haufungi, akaja kuniuliza kwa upole kabisa, "Wifi, huu wako hautembei kweli?" na mimi, sijui nini kilinipata, nikamjibu wangu ni wa mapambo tu, unaotembea ni wa Mzee Dakika, maana ni kweli baraza lake limejaa mianzi na nyumba yake iko upande wa pili wa wifi. Akaniamini papo hapo. Sasa meza ya Mzee ya kutengenezea saa iko kibarazani mwa duka la wifi, amekaa pale miaka kumi na minane, na wifi amempa hadi mwisho wa mwezi ahame. Mzee hajajitetea. Juzi alikuja kuchukua suruali yake, akautazama mwanzi, akautazama ukuta, akaniuliza, "Ule wa ndoo haujambo?" kisha akaondoka. Mume wangu anasema ninyamaze, mambo yatapoa, na mimi kila Jumamosi nakata machipukizi ya upande wangu ili wifi asiyaone, ila wiki inayofuata yanakuja mengi zaidi. Nifanye nini nisimpoteze wifi, na Mzee asipoteze meza yake?

Fundi cherehani

JIBU LA MSHAURI

Pole, fundi. Naona moyo wako si mbaya. Lakini huruma yote hiyo uliyokuwa nayo kwa mmea, kwa Mzee iliishia wapi? Aliyekukanya kwa mdomo wake ndiye uliyemtwisha lawama, na bado akakustahi ndani ya nyumba yako mwenyewe. Nimesoma hapo mara mbili, nikakasirika mara mbili.

Mume wako ana nia njema ila hajui anachosema. Ukinyamaza, Mzee anahama, na sakafu inaendelea kupasuka.

Nenda leo dukani kwa wifi wakati Mzee yuko mezani pake. Usimtume mume, usiandike ujumbe wa simu, usianze kwa kuulizia watoto. Sema mbele ya wote wawili: "Wifi, mwanzi uliopasua sakafu yako ni wangu. Mzee alinikataza kuupanda ardhini, nikaupanda, kisha nikakudanganya." Ukifika hapo, nyamaza. Neno "lakini" liache nyumbani.

Halafu shika sururu. Huko kukata kwa Jumamosi ni kujichosha, kwa sababu kinachotembea ni mzizi mnene ulio chini, na huo hujaugusa. Chimba mtaro kuuzunguka mwanzi wote, kina futi mbili na nusu. Tepu unayo, usikadirie kwa macho. Kila mzizi unaovuka mtaro ukate na uung'oe. Simamisha humo plastiki nzito, ile ngumu isiyokunjika kirahisi, iinamie nje kidogo kwa juu, na ukingo wake ubaki vidole vinne juu ya ardhi ili mzizi ukiruka uuone. Pale ncha zinapokutana, zipandanishe sana na uzibane, maana hapo ndipo mzizi unapotorokea. Mizizi uliyoing'oa ianike juani juu ya saruji hadi ikauke kabisa. Ukiitupa kwenye lundo la mbolea utakuwa umeipanda upya. Kama huwezi kuukagua ukingo huo mara mbili kwa mwaka, ng'oa mwanzi wote sasa hivi, ubaki na mmoja kwenye chungu kilichopandishwa juu ya matofali.

Na fundi wa vigae umtafute wewe. Chipukizi lolote litakalobaki jikoni ulikate siku hiyo hiyo linapochomoza. Likikosa mama wa kulilisha, litachoka kabla yako.

Wifi atakasirika. Huenda asikusalimie msimu mzima, huenda akakusimamia mlangoni akikutazama umepiga magoti sakafuni kwake. Ana haki. Wewe chimba.